Ukinunua kitu kibovu, unamlalamikia nani?

Mwaka uliopita nilinunua taa ya sola mjini Goma, nikapanda nayo hadi kwetu Munigi. Siku ya nne ikazima kabisa. Nikashuka tena, mwenye butike akanijibu: "Ndugu, kintu ikisha toka ku mulango, iko yako." Sikuwa na fakture. Nikarudi kimya.

Taa si kitu. Lakini jibu lile lilinikumbusha habari ya hapa mashariki ambayo sisi tuliosoma tulipaswa kuijua vizuri.

Mwishoni mwa 2014, kule Ituri, watu walianza kufika hospitalini shingo imejikunja, macho yamegeuka, ulimi hautulii. Waganga wakashuku meninjiti. Walioonyesha njia ni wagonjwa wenyewe: wengi wao walirudia neno moja, kwamba kabla ya kuugua walimeza kidonge cha manjano walichokijua kama diazepam. Vidonge vilipopimwa, ndani mlikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, miligramu 10 hadi 20 kila kimoja. Julai 2015 OMS ikatahadharisha dunia. Hadi Agosti, watu 1,029 walikuwa wamelazwa.

Sasa niulize: mama wa Ituri angemlalamikia nani? Kwetu vidonge vinahesabiwa kimoja kimoja, vinatiwa kwenye kifuko, basi. Kopo lenye jina la kiwanda linabaki kwa muuzaji. Malalamiko yake yalisikika kwa sababu alikutana na muganga aliyeuliza, "Ulimeza nini?"

Linganisha na Chicago, 1982. Watu 7 walikufa baada ya kumeza Tylenol iliyotiwa sianidi. Sumu haikutiwa kiwandani, mtu aliitia baadaye, dawa zikiwa tayari sokoni. Johnson & Johnson wangeweza kusema kama yule wa butike: imeshatoka mlangoni. Wao waliita chupa karibu milioni 31 zirudi, hasara ikapita dola milioni 100. Kabla ya mwaka kwisha dawa ilirudi sokoni ikiwa na vifuniko vinavyoonyesha kama mtu amevigusa.

Je, walikuwa na roho nzuri kuliko wafanyabiashara wetu? Sidhani ni hiyo tu. Jina lao lilikuwa kwenye kila chupa, magazeti yaliandika kila siku, na wateja walijua mlango wa kugonga. Kwetu bidhaa inapita mikono mingi na mipaka miwili mitatu, na kila mkono unasema si mimi.

Kwa hiyo, wenzangu, kazi yetu inaanza na vitu vidogo: kuomba fakture, kupiga picha kopo la dawa, kuandika tarehe. Mimi nimeshaanza. Juzi nilinunua taa nyingine, nikaomba fakture. Muuzaji alicheka sana, lakini akaandika.