Kimbunga cha Unguja cha 1872: Funzo kwa Walinzi wa Leo



Askari aliye zamu Gitega au Muyinga yuko mbali na bahari kwa takriban kilomita 1,000. Haoni maji ya chumvi, hasikii mawimbi, na huenda akadhani kwamba habari za kimbunga ni habari za mabaharia peke yao. Hata hivyo, mafuta yanayoendesha gari la doria na sehemu kubwa ya bidhaa zinazopita mpakani Kobero, mkoani Muyinga kwa jina lake la zamani, hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Bandari ikifungwa kwa upepo, malori huchelewa Kobero, na Gitega nayo huona upungufu. Kwa hiyo historia ya chombo kilichovunjika pwani ni historia ya bara pia. Tena ni historia inayomhusu sana mtu aliyekabidhiwa kulinda.

Tarehe 15 Aprili 1872, kisiwa cha Unguja kilipigwa na kimbunga kikubwa. Seyyid Barghash bin Said alikuwa ametawala kwa mwaka mmoja na nusu tu, tangu Oktoba 1870. Bandari yake ilikuwa na merikebu zake za vita na za biashara, pamoja na majahazi yaliyongoja msimu. Ikumbukwe kwamba Aprili ndio mwezi ambao kaskazi hukoma na kusi huanza, na manahodha wa Arabuni na Bara Hindi walioletwa na kaskazi hujiandaa kurudi kwao. Upepo ulipokwisha, merikebu za Sultani zilikuwa zimetupwa pwani na kuvunjika, majahazi yamegongana na kuzama, na nyumba nyingi za mji hazina paa. Mashambani, sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ilikuwa imeng'olewa. Pemba iliponea chupuchupu, na mikarafuu yake ilibaki imesimama.

Je, kwa nini hasara ilikuwa kubwa kiasi hicho? Mabaharia wa Unguja hawakuwa wazembe wala wajinga. Walikuwa miongoni mwa watu wanaoijua bahari kuliko wote. Sababu ya kwanza ni kwamba Unguja ilihesabiwa kuwa nje ya njia ya vimbunga, na hesabu hiyo ilikuwa na msingi. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto, lakini pia huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili upepo upate kuzunguka kiini chake, na nguvu hiyo ni hafifu karibu na Ikweta. Unguja iko digrii 6 tu kusini ya Ikweta. Ndiyo maana vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi hupiga Madagaska, Msumbiji na Morisi, wala havifiki pwani ya Waswahili. Lakini jambo la nadra si jambo lisilowezekana. Wazee hawakuwahi kuona, na kwa sababu hawakuwahi kuona, bandari haikujiandaa.

Sababu ya pili ni kwamba hapakuwa na njia ya kupeleka onyo. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, yaani miaka 7 baada ya kimbunga. Mwaka 1872, nahodha alitegemea macho yake, rangi ya mbingu, mwendo wa mawimbi, na kama alikuwa nacho, kipimo cha uzito wa hewa. Dalili hizo huja, lakini huja zikiwa zimechelewa.

Matokeo hayakuishia pwani. Mwandishi Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi kutoka kwa Livingstone, alipita Simbamwene, karibu na mahali palipo mji wa Morogoro leo, na kukuta kwamba mafuriko ya majuma hayo yamebomoa ukuta wa mji na kuzoa nyumba na watu. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 1871, yeye na Livingstone walikuwa kaskazini ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Burundi.

Hasara ya serikali nayo ilikuwa nzito. Mwanzoni mwa 1873, Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Sultani alieleza kwamba kimbunga kimeharibu mashamba na kuwafukarisha watu wake. Kwa kuwa merikebu zake za vita zilikuwa zimevunjika, hakuwa na cha kuegemea, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa sahihi. Biashara hiyo ilikuwa dhuluma, na kukomeshwa kwake baharini kulikuwa haki. Lakini yaliyofuata yalikuwa ya kusikitisha. Bei ya karafuu ilipanda, wenye mali wakapanda mikarafuu mipya Pemba, na mashamba hayo yakadai mikono. Wafanyabiashara waliofungiwa njia ya bahari waliwaswaga watumwa kwa miguu kandokando ya pwani kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, hadi Sultani alipopiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Hivyo upepo wa siku moja ulilipwa kwa miaka kadhaa na watu wa bara ambao hawakupata kuiona karafuu ikichanua.

Na majeshi ya majini je? Sultani aliagiza merikebu mpya, iitwayo Glasgow, iliyoundwa Uskoti na kufika Unguja mwaka 1878. Haikumpendeza, ikabaki imetia nanga bandarini miaka mingi. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, merikebu za Waingereza ziliizamisha, na milingoti yake ilionekana juu ya maji hadi mwaka 1912. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kwa miaka kikipotea kwa siku moja, hakirudishwi kwa kununua kingine peke yake.

Basi, nini hufanywa kimbunga kinapokaribia? Mafunzo ya mabaharia wa zamani na ya wataalamu wa leo yanakubaliana katika mambo ya msingi.

Kwanza ni wakati. Kazi yote ya kuokoa chombo hufanywa kabla upepo haujawa mkali, kwa sababu baada ya hapo mtu hawezi kusimama juu ya sitaha. Vyombo vidogo, yaani mitumbwi, ngalawa na mashua, huvutwa nchi kavu, mbali kupita alama ya maji ya bamvua, kwa kuwa kimbunga huinua bahari yenyewe na kuisukuma juu ya pwani. Tanga hufunguliwa na kuwekwa ndani, foromali huteremshwa, na kila kitu kinachoweza kushikwa na upepo huondolewa.

Pili ni nanga. Chombo kikubwa kisichoweza kuvutwa hutiwa nanga zaidi ya moja, kwa amari ndefu. Amari fupi hung'oa nanga maji yanapopanda. Mahali amari inaposuguana na ubao hufungwa magunia au vitambaa vizito isikatike. Vyombo hutawanywa, visikae bega kwa bega, kwa maana jahazi moja likikatika amari huangukia lingine, na hilo likaangukia la tatu, mpaka bandari nzima imekuwa lundo la mbao. Meli yenye mitambo huiwasha mapema, au huondoka kwenda bahari kuu kabla njia haijafungwa.

Tatu ni kuujua upepo. Kusini ya Ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kimbunga kikitoka mashariki na kiini chake kikapita juu ya bandari, upepo wa kwanza hutoka upande wa kusini. Kisha huja utulivu, na pengine jua huonekana. Utulivu huo ni mtego. Baada ya muda mfupi upepo hurudi kutoka kaskazini kwa nguvu ile ile, na chombo kilichokingwa upande mmoja hujikuta wazi upande wa pili. Watu wengi duniani wamekufa kwa kutoka kuokoa mali wakati wa utulivu huo.

Nne, na ndilo kubwa kuliko yote, ni watu. Wakati wa kimbunga hapana mlinzi wa chombo anayepaswa kubaki chomboni kilichofungwa bandarini. Mashua huundwa upya, baharia haundwi. Hapo ndipo kazi ya askari na polisi inapoanza, kwani mvuvi ambaye mashua ndiyo mali yake yote hataki kuiacha, na maneno ya redio hayatoshi kumwondoa. Anahitaji kuona mtu wa sare aliyefika mapema, anayesema kwa upole na kwa uthabiti, na anayejua mahali pa kumpeleka. Amri na iwe moja, itoke mahali pamoja, maana manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Historia imethibitisha kwamba mwaka 1872 haukuwa wa peke yake. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, kimbunga kingine kilipiga Lindi, kusini ya Tanganyika. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa, ingawa hapakuwa na kimbunga, na watu wengi walikufa. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini ya Msumbiji, jirani na Mtwara. Novemba 2020, kimbunga Gati kilipiga pwani ya Somalia, nchi ambayo askari wa Burundi walianza kuilinda Desemba 2007. Askari mzaliwa wa Muyinga anaweza kujikuta zamu ufukweni.

Tarehe 4 Mei 2024, msimu wa vimbunga ukiwa umekwisha kuhesabiwa kuwa umepita, kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Safari hii mambo yalikuwa tofauti na ya 1872. Kituo cha Réunion kilikuwa kimekifuatilia siku kadhaa, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatoa maonyo, na boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Kimbunga kilipungua nguvu kabla ya kugusa nchi, na wapo waliosema kwamba tahadhari ilizidi. Kauli hiyo haifai kupokewa. Boti iliyofungwa bandarini siku moja bila sababu imepoteza nauli ya siku moja. Boti iliyoondoka bila kusikia onyo inaweza isirudi.

Mwaka huo huo, bila kimbunga, mvua kubwa ziliinua Ziwa Tanganyika na kufurika mto Rusizi, na maelfu ya watu wa Bujumbura na vitongoji vyake walihama makwao. Ziwa lina dhoruba zake, na mto Ruvubu unaopita kati ya milima ya Gitega na kuelekea mashariki una mitumbwi ya kuvukia na masika yake. Kanuni ni zile zile: kusikiliza onyo la Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, kuvuta mitumbwi juu mapema, kuzuia kivuko kabla maji hayajapanda, na kuwatangulia watu badala ya kuwafuata.

Ndugu wasikilizaji, Unguja ya 1872 iliangushwa na upepo, lakini kabla ya upepo iliangushwa na neno moja lililosemwa kwa miaka mingi: hapa hakijapata kufika. Askari anayelinda kilima, barabara, kivuko au bandari na ajihadhari na neno hilo. Adui ambaye hajapata kufika ndiye anayekuta lango wazi.