Tofauti za matoleo ya hifadhidata

Hali ambapo programu moja ya wavuti hulazimika kufanya kazi na hifadhidata kadhaa, au matoleo yake, yasiyolingana uwezo. Mfano wa karibu nchini Tanzania ni DHIS2, programu huria iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Ndiyo inayopokea takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zikiwemo zile zinazoanzia kwenye rejista za karatasi za zahanati. Kwa kupitia Hibernate, maktaba ya Java inayounganisha programu na hifadhidata, DHIS2 ilikubali MySQL na PostgreSQL kwa miaka kadhaa, kisha ikabaki na PostgreSQL. Ni uamuzi wa busara, maana kila hifadhidata ya ziada ni mzigo wa majaribio.

Django, mfumo wa Python wa kutengenezea programu za wavuti, ilichagua njia nyingine. Kila hifadhidata ina faili lake la sifa, linaloangalia toleo la seva na kujibu kama jambo fulani linawezekana. Msimbo uliobaki huuliza uwezo, hauulizi umri wa toleo.

Kosa la kawaida ni kulinganisha matoleo kama maandishi. Hapo “10.4” hutangulia “5.7”, kwa kuwa 1 ni ndogo kuliko 5, na seva mpya ya MariaDB, hifadhidata iliyotokana na MySQL, huonekana kuukuu. Nayo MariaDB haisaidii: seva zake za 10 zilijitambulisha kwa mtindo wa “5.5.5-10.4.8-MariaDB”.

Kibaya zaidi ni ukimya. Kabla ya 8.0.16, iliyotoka 2019, MySQL ilisoma sharti la CHECK bila kulalamika, kisha ikalipuuza; mtoto wa umri wa -3 angesajiliwa.