Mtoto anasoma, au anakumbuka? Historia fupi ya kupima usomaji



Siku ya kufunga mwaka wa masomo, mtoto wa mwaka wa pili wa msingi anasimama mbele ya wazazi. Anashika kitabu kwa mikono miwili, anasoma ukurasa mzima kwa sauti ya juu bila kukosea, na watu wanapiga makofi. Kisha mjomba wake anafungua ukurasa mwingine na kumwomba asome mstari mmoja tu. Mtoto ananyamaza. Si mwongo, maana alifanya alichofundishwa. Masikio yake yalishika maneno ambayo macho yake hayajayajua bado.

Tunajuaje, basi, ya kwamba mtoto anasoma kweli? Wengi kabla yetu wamejiuliza hivyo, katika nchi mbalimbali, na majibu yao yanatufundisha jambo moja. Kipimo cha usomaji humfaa mtoto pale kinapomwonyesha mwalimu wake mahali pa kuanzia. Kikigeuzwa kuwa mzani wa fedha au wa sifa, shule hujifunza kukidanganya, na mtoto ndiye anayelipa.

Tuanze na Uingereza. Mwaka 1862 serikali ya nchi ile, kwa uongozi wa Robert Lowe aliyesimamia mambo ya elimu, ilitunga kanuni mpya: msaada wa fedha kwa shule za watoto wa maskini utategemea matokeo ya mtihani. Mkaguzi alifika mara moja kwa mwaka na kumsikiliza kila mtoto katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto aliyepita umri wa miaka 6, mwenye mahudhurio ya kutosha, aliweza kuiletea shule shilingi 8. Akishindwa somo moja kati ya yale matatu, theluthi ya fedha hiyo ilipotea. Nia haikuwa mbaya. Wakubwa walitaka kuhakikisha kwamba hata mtoto asiye hodari anafundishwa, wala si wale wachache wa benchi ya mbele tu.

Lakini walimu walikuwa na njaa kama watu wote. Kwa kuwa kitabu cha mtihani kilijulikana, watoto walikirudia mwaka mzima mpaka wakakishika kwa kichwa. Mshairi Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule kwa miaka 35, aliipinga kanuni hiyo tangu mwanzo. Katika taarifa zake kwa serikali alieleza kwamba kwa matayarisho ya ujanja iliwezekana kuwapitisha watoto katika mtihani wa kusoma hali hawajui kusoma. Hata hivyo kanuni hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30, na ilipoondolewa mwishoni mwa karne ile, watoto wengi walikuwa wamekwisha pita katika mikono yake.

Ufaransa ilikabili swali hilohilo kwa njia nyingine. Baada ya sheria ya mwaka 1882 kuwalazimisha watoto wote kwenda shuleni, walimu walijikuta mbele ya watoto wasiofuata masomo pamoja na wenzao. Mwaka 1904 serikali iliunda tume ya kuchunguza namna ya kuwasaidia, na Alfred Binet alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Mwaka uliofuata yeye na daktari Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili kilichopata sifa duniani kote. Kazi yake nyingine haikupata sifa kama hiyo, nayo inatuhusu zaidi. Katika shule moja ya msingi ya mtaa wa wafanyakazi huko Paris, akishirikiana na mkuu wake, Bwana Vaney, Binet alipanga ngazi za usomaji. Mtoto wa ngazi ya chini hawezi hata kuunganisha silabi. Wa pili husoma silabi moja moja. Wa tatu husoma akisitasita. Wa nne husoma kwa mtiririko. Na wa mwisho husoma kwa sauti inayoonyesha kwamba maana imemwingia.

Ngazi hizo hazikuwa za kuwagawa watoto katika wenye akili na wasio na akili. Zilimwambia mwalimu: mtoto huyu yuko hapa, hatua yake inayofuata ni ile. Binet mwenyewe aliwapinga waliodhani ya kuwa akili ya mtoto ni kitu kisichobadilika. Alifariki mwaka 1911, na baada yake kipimo chake cha akili kilitumiwa na wengine, hasa huko Marekani, kuwapa watu cheo cha kudumu, jambo ambalo yeye hakulikusudia.

Hatua ya tatu ilitoka mbali, huko Nyuzilandi. Katika miaka ya 1960 Marie Clay alichagua watoto 100 walioanza shule katika mji wa Auckland, na kwa mwaka mzima akawafuata wiki kwa wiki, akiandika walichofanya mbele ya kitabu. Hakungoja washindwe ndipo awapime. Alitengeneza kijitabu ambacho baadhi ya picha na mistari yake imechapwa juu chini, na kumwuliza mtoto maswali ambayo mtu mzima huona ni ya bure: Mbele ya kitabu ni wapi? Tunaanzia wapi kusoma? Tukifika mwisho wa mstari, tunakwenda wapi? Akagundua kwamba watoto wengine huketi darasani miezi mingi bila kujua ya kuwa tunasoma maandishi, wala si picha. Namna yake ya kuwafundisha walio nyuma imebishaniwa sana baadaye. Lakini kalamu yake iliyoweka alama kwa kila neno mtoto alilolisoma sawasawa, na kuandika kila kosa jinsi lilivyosemwa, iliwafundisha walimu wengi kulisikiliza kosa kabla ya kulisahihisha.

Kuanzia mwaka 2006, wataalamu waliolipwa na serikali ya Marekani walitunga kipimo kifupi cha usomaji wa madarasa ya chini, na mwaka 2007 kikajaribiwa Senegali na Gambia, kisha kikaenea katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo. Mtoto huketi peke yake na mpimaji kwa muda wa robo saa hivi. Kwa dakika moja hutaja herufi au sauti zake. Kwa dakika nyingine husoma maneno ya kawaida. Kisha husoma maneno yasiyo na maana yoyote, mfano «gefo» au «nepu». Mzazi anaweza kushangaa: kwa nini kumpa mtoto maneno ya uongo? Kwa sababu neno lisilokuwepo halijawahi kushikwa kwa kichwa na mtu yeyote. Anayelisoma amelisoma kweli. Hapo ndipo ujanja ule wa Uingereza unapokosa nguvu. Mwishoni mtoto husoma hadithi fupi na kuulizwa maswali juu yake, maana kutamka hakutoshi. Filipo naye, alipomkuta Mwethiopia akisoma garini mwake, hakumwuliza kama anatamka vizuri. Alimwuliza kama anafahamu.

Turudi sasa kwetu. Mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru la Kongo yalizipa misioni ardhi, nazo zikachukua wajibu wa kuanzisha shule. Humo watoto wengi walijifunza herufi kwa lugha za kwao, na pamoja nazo katekisimu ya maswali na majibu, iliyoshikwa kwa kichwa. Kukariri kuna heshima yake. Sala tunazoombea wagonjwa wetu usiku hatuzisomi kitabuni. Ila mazoea yale yaliingia pia katika somo la kusoma, na darasa zima likaitikia mwalimu kwa sauti moja. Katika kwaya ya watoto 50, asiyejua hasikiki. Twamkumbuka kwa furaha Stefano Kaoze, mwanafunzi wa Mpala, aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati hizi. Walioketi benchi ya nyuma wakatoka shuleni kimyakimya bila kujua kusoma, hakuna aliyeandika majina yao.

Tena kuna jambo la lugha. Baada ya uhuru Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Katika miaka ya 1970 lugha za taifa zikarudishwa katika madarasa ya chini. Na sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitaja tena lugha za taifa na za mazingira ya mtoto. Hata hivyo, katika miji yetu wazazi wengi bado wanapima shule kwa Kifaransa chake. Basi tumpe mtoto wa Kalemie au wa Uvira ukurasa wa Kifaransa, naye anyamaze: hajui herufi, au hajui Kifaransa? Kipimo hakiwezi kujibu. Tumpe ukurasa wa Kiswahili, ambamo karibu kila herufi ina sauti yake moja, na ndani ya dakika chache tutajua anasimama wapi. Akiona «vitabu» akasema «bitabu», au akiona «mtoto» akasema «mutoto», hajakosea kusoma. Amesoma sawasawa, kwa ulimi wa mama yake. Kanuni ya kipimo chenyewe inakataza kuhesabu matamshi ya kwao kuwa kosa, na mwalimu asiyejua hivyo atamwandikia sifuri mtoto anayejua.

Tunayasema haya kwa sababu wakati unatudai. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure katika shule za serikali, zikiwemo zile zinazosimamiwa na makanisa, watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia darasani. Hilo ni jambo la shukrani. Lakini darasa lililojaa ndilo linalomficha vizuri zaidi mtoto asiyesoma. Buletini yake itaonyesha asilimia fulani, atapanda mwaka, na mtihani wa taifa utamngojea mwishoni mwa mwaka wa 6, wakati ambapo ni vigumu sana kurudi kwenye silabi. Mwaka 2019 nchi yetu ilishiriki katika kipimo cha PASEC, kinachowapima wanafunzi mwanzoni na mwishoni mwa shule ya msingi. Vipimo vya namna hiyo vinaifaa serikali, kwa kuwa vinaieleza hali ya nchi. Havimwambii mwalimu hali ya mtoto mmoja wa benchi ya nyuma, na miradi inayovileta huja na kuondoka.

Anayebaki ni mwalimu, pamoja na sisi wazazi, wajomba, mashangazi na majirani. Hatuhitaji fedha za mradi kufanya aliyoyafanya Marie Clay kwa kalamu yake. Jioni moja, baada ya chakula, tumwite mtoto na tufungue kitabu katika ukurasa ambao hajaurudia kamwe. Tumwache asome taratibu. Asipigwe wala asichekwe mbele ya ndugu zake, maana mtoto aliyetishwa atarudi kukariri. Tumwulize hadithi inasema nini. Na akikwama, tuandike mahali alipokwama, na kesho yake tumpelekee mwalimu karatasi hiyo kwa heshima, si kama mashtaka. Mwalimu mwenye watoto 70 mbele yake atafurahi kujua mahali pa kuanzia na huyu mmoja.