Mlango, Mafiga na Nyumba: Tamathali za Ukoo Tarime na Serengeti

Tamathali za semi, yaani maneno yanayotumiwa nje ya maana yake ya msingi ili kujenga picha, hufundishwa shuleni kama mapambo ya ushairi, na mwanafunzi wa Kiingereza au wa Kiswahili hutakiwa kutofautisha tashbihi, inayolinganisha kwa neno kama "mithili ya", na sitiari, inayokiita kitu kimoja kwa jina la kingine moja kwa moja. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, kaskazini mwa Tanzania, tamathali zilipewa kazi nzito zaidi ya hiyo, kwani ndizo zilizogawa watu, mifugo na urithi zamani kabla ya daftari lolote la serikali.

Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia aliyewachunguza Wakurya, ambao Tarime ni kwao, katika miaka ya 1950, alieleza kwamba kundi mojawapo la ukoo wao huitwa irigiha, neno linalotokana na mafiga ya jikoni. Upande wa Serengeti, miongoni mwa Waikoma na Wanata, tawi la ukoo huitwa ekehita, yaani mlango, na msomaji wa pwani ataitambua sitiari hiyo mara moja, maana Kiswahili nacho huwaita ndugu wa tawi moja watu wa mlango mmoja.

Neno lenye uzito kuliko yote ni nyumba. Katika boma la Mkurya mwenye wake wengi, zizi lilikuwa katikati na kila mke alikuwa na nyumba yake, akapika kwenye mafiga yake na kutengewa ng'ombe ambao wanawe wa kiume wangewarithi, hivyo kwamba neno nyumba likawa taashira, tamathali ambayo jina la kitu husimama mahali pa kile kinachoambatana nacho: kuta zilitajwa, wakakusudiwa mama na uzao wake. Mama asiyejaliwa mtoto wa kiume aliruhusiwa kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake, katika ndoa iitwayo nyumba ntobhu, na watoto waliozaliwa humo walihesabiwa kuwa wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe, wala si wa mwanamume aliyewazaa. Anayedhani kwamba tamathali ni urembo wa maneno tu aitazame ndoa hiyo, ambamo neno moja liliamua mtoto ni wa nani na zizi litarithiwa na nani.

Masimulizi ya asili nayo yanadai kusomwa kwa jicho hilo hilo. Jan Bender Shetler, mwanahistoria aliyechapisha kitabu kuhusu kumbukumbu za Serengeti mwaka 2007, aliandika simulizi la Wanata kuhusu mwindaji Nyamunywa na mkulima Nyasigonko, wazazi wa kwanza wa kabila hilo. Anayewatafuta wawili hao kama watu wa tarehe fulani hatawapata. Atakachokipata ni muungano wa upinde na jembe, na ndani yake mwanamume anayetoka porini akafika kwa mwanamke aliyekwisha kuwa na makazi yake.