Michoro ya Saint Bois na Moto wa Rio de Janeiro

Desturi ya majumba ya makumbusho kuazimana kazi za sanaa kuvuka mipaka ya nchi, ambayo leo huonekana kuwa jambo la kawaida, ilikomaa katika karne ya 20. Kabla ya hapo picha mashuhuri iliyovuka mpaka aghalabu ilivuka kwa kuuzwa, kurithiwa au kuporwa vitani, na aliyeipokea hakuwa na wajibu wa kuirudisha. Nchini Uingereza ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 1935 ili National Gallery ya London iruhusiwe kuazimisha picha ng'ambo, na hata hivyo ruhusa hiyo ilihusu picha za wachoraji wa Kiingereza. Italia ilikuwa imethubutu mapema zaidi: mwezi Desemba 1929, serikali ya Mussolini, iliyotaka kujipatia sifa mbele ya Waingereza, ilipakia katika meli moja iliyoitwa Leonardo da Vinci sehemu kubwa ya hazina ya wachoraji wake wa kale, ikiwamo Kuzaliwa kwa Venus ya Botticelli na ile picha ya Giorgione ambayo jina lake ni Tufani, ili zionyeshwe Royal Academy mjini London kuanzia Januari 1930. Karibu na pwani ya Brittany meli ilipigwa na dhoruba kali. Ilifika salama, na kwa kuwa ilifika salama, safari hiyo ikahesabiwa kuwa ushindi badala ya kuhesabiwa kuwa onyo.

Tangu wakati huo uazimishaji umejengewa taratibu nyingi. Jumba linaloazima hutakiwa kueleza kwa maandishi lina walinzi wa namna gani, hewa yake ina joto na unyevu wa kiasi gani, na moto ukitokea litauzima kwa njia ipi. Kabla picha haijafungwa katika sanduku lake, mhifadhi huandika taarifa ya hali yake, akionyesha kila ufa, kila pele la rangi na kila kona iliyochubuka, ili itakaporudi ijulikane ni dosari ipi iliyotoka nayo nyumbani na ni ipi iliyopatikana ugenini. Bima nayo hukatwa kwa mpango unaoitwa wa msumari hadi msumari, maana yake ni kwamba dhamana huanza pale picha inapotunguliwa kwenye msumari wake na huisha pale inapotundikwa tena kwenye msumari uleule. Taratibu hizo zimeandaliwa hasa kwa ajili ya ajali ndogo: sanduku lililoangushwa, fremu iliyogongwa mlangoni, maji yaliyovuja darini. Ajali za aina hiyo hazichagui ukubwa wa jina. Mona Lisa, iliyoazimishwa na Ufaransa kwa Marekani mwaka 1963, ilirushiwa maji usiku katika chumba cha hifadhi cha Metropolitan Museum of Art mjini New York baada ya kinyunyizio cha kuzimia moto kufunguka chenyewe, kama alivyosimulia miaka mingi baadaye Thomas Hoving, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa jumba hilo. Kilichoiokoa ni kioo kilichoifunika.

Lakini mojawapo ya hasara kubwa zaidi zilizowahi kumpata msanii mmoja kwa njia ya uazimishaji haikutokana na sanduku wala fremu. Ilimpata Joaquín Torres-García, mchoraji wa Uruguay, karibu miaka 29 baada ya kufa kwake, na ili kuielewa ni lazima kuanzia hospitalini.

Torres-García alizaliwa Montevideo mwaka 1874, akahamia Catalonia na wazazi wake mwaka 1891, na baada ya kuishi Barcelona, New York, Italia na Paris, alirudi kwao mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 59. Alirudi na mtindo alioupa jina la Ujenzi wa Kiulimwengu, ambao uligawanya uso wa picha kwa mistari iliyosimama na iliyolala mpaka ukawa kama vyumba vya ghala, na katika kila chumba ukaweka alama inayoweza kusomwa na mtu wa taifa lolote: jua, samaki, nanga, saa, ngazi, nyumba. Alishikilia kwamba Amerika ya Kusini haina sababu ya kuitazama dunia kwa macho ya Ulaya, na mwaka 1943 alichora ramani ya bara hilo ikiwa imegeuzwa, ncha ya kusini ikielekea juu. Mwaka 1944 yeye na wanafunzi wake, wakiwamo wanawe Augusto na Horacio, walipaka michoro 35 kwenye kuta za Saint Bois, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu iliyo pembezoni mwa Montevideo. Saba kati ya hiyo ilikuwa ya mwalimu mwenyewe.

Yafaa kukumbuka kwamba wakati huo dawa ya streptomycin ilikuwa ndiyo kwanza imegunduliwa katika maabara ya Marekani na haikuwa imewafikia wagonjwa wa kawaida, kwa hiyo tiba ya kifua kikuu ilikuwa zaidi ni mapumziko, chakula na hewa safi kwa miezi, pengine miaka. Watazamaji wa michoro hiyo hawakuwa wageni wapitao; walikuwa watu wasio na mahali pengine pa kutazama. Rangi zilikuwa nyekundu, bluu, njano, nyeusi na nyeupe, zilizopakwa bapa bila kivuli. Majina ya michoro yaligusa mbingu na mtaa kwa pamoja: Jua, Pachamama, Samaki, lakini pia Tramu na Garimoshi Jeupe, na mkubwa kati yake aliuita kwa Kilatini Pax in Lucem. Magazeti ya Montevideo hayakuipenda, na mabishano yaliyozuka yalichangia karakana ya Torres-García na wanafunzi wake kuanzisha jarida lake lenyewe, Removedor, mwaka 1945. Miaka minne baadaye Torres-García alifariki dunia.

Mchoro wa ukutani una kinga moja ambayo picha ya kwenye fremu haina, nayo ni kwamba hauazimiki. Hupatwa na unyevu, nyufa na uzembe wa wenye jengo, lakini hupatwa hapohapo ulipo, polepole, mbele ya macho ya watu wake. Katika miaka ya 1970 michoro saba ya Torres-García ilibanduliwa kwenye kuta za Saint Bois kwa ajili ya kuhifadhiwa, na mara tu ilipobanduliwa ikawa kitu kinachobebeka, na kinachobebeka huombwa. Mwaka 1975 ilionyeshwa Paris, na mwaka 1978 ikawa Rio de Janeiro, pamoja na kazi nyingine nyingi za msanii huyo, katika maonyesho ya sanaa ya Amerika ya Kusini yaliyoandaliwa na Museu de Arte Moderna, yaani Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa.

Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1948, na jengo lake katika bustani ya Flamengo, kazi ya msanifu Affonso Eduardo Reidy, lilisifiwa duniani kote kwa mbavu zake za zege zilizobeba sakafu kutoka nje, hata ukumbi wa ndani ukabaki mpana usio na nguzo hata moja. Kwa mwandalizi wa maonyesho huo ni uhuru mkubwa. Kwa moto pia. Alfajiri ya tarehe 8 Julai 1978 ukumbi uliwaka, na kwa muda usiofika saa moja takriban asilimia 90 ya mkusanyo wa jumba ikawa majivu, zikiwamo kazi za Picasso, Miró na Salvador Dalí. Chanzo hakikuthibitishwa: wapo waliotaja hitilafu ya umeme na wapo waliotaja kipande cha sigara. Mbavu za zege zilibaki zimesimama. Kazi za Torres-García zilizoteketea zilizidi 70, na michoro saba ya Saint Bois ilikuwa miongoni mwake. Mjane wake, Manolita Piña, aliyezaliwa mwaka 1883, alikuwa hai kupokea habari hiyo, na aliishi miaka 16 zaidi.

Hapa ndipo ubaya uliofichika katika desturi yenyewe unapoonekana. Maonyesho makubwa husifiwa kwa sababu huziweka pamoja kazi zilizotawanyika kwa miongo mingi. Mtazamaji huona katika mchana mmoja kile ambacho kingemgharimu safari za maisha. Lakini kule kutawanyika ndiko kulikuwa kumezilinda, kwani hakuna moto mmoja unaoweza kufika nyumba ishirini za wakusanyaji na ukuta wa hospitali kwa usiku mmoja. Watoa bima na serikali zinazodhamini maonyesho hulijua hilo kwa upande wa safari, ndiyo maana huweka kikomo cha thamani inayoweza kubebwa na ndege au lori moja, na kazi za maonyesho makubwa husafirishwa kwa mafungu. Mafungu hayo, hata hivyo, hukutana tena chini ya paa moja, na hukaa hapo kwa miezi.

Michoro 28 ya wanafunzi wa Torres-García haikuwamo Rio, kwa sababu jina la mwanafunzi haliombwi sana, na hivyo kilichosalia cha Saint Bois ni kazi ya wanafunzi, si ya mwalimu. Jumba la Rio nalo lilikarabatiwa na kufunguliwa tena, lakini lilikaa miaka mingi bila mkusanyo unaolingana na jengo lake, hadi mwaka 1993 mkusanyaji Gilberto Chateaubriand alipoweka humo maelfu ya kazi za sanaa ya Brazil. Hakuzitoa kuwa zawadi, bali aliziweka kwa mkataba wa kuazimisha.