Muamuzi anatoka wapi? Toka Jadotville ya Wabeleji mpaka Likasi ya leo

Mtu wa Likasi mwenye kesi ya kiwanja ao ya kazi anapenda kujua nani atakata maneno yake, na yule mtu alipitia njia gani mbele ya kukaa kwenye kiti cha muamuzi.

Njia mbili

Katika makoloni ya Waingereza, avoka mwenye kuzoea kutetea watu aliweza kuteuliwa muamuzi. Kule Kenya, Chunilal Madan alikuwa avoka katika Nairobi. Mwaka wa 1961, mbele ya uhuru, akawekwa muamuzi wa korti kubwa, na mwaka wa 1985 akawa mkubwa wa waamuzi wote wa inchi.

Kongo ilifuata njia ingine. Kwa Wabeleji, kuamua ni kazi mtu anaingia kijana na kuipanda ngazi kwa ngazi. Waamuzi wa kazi waliteuliwa na mfalme wa Ubeleji, na wote walikuwa Wazungu. Lakini mtu mweusi wa Jadotville, njo Likasi ya leo, hakukutana nao sana. Kwa makosa madogo, alisimama mbele ya tribinali ya polisi, na muamuzi wake alikuwa administrata wa teritware. Mutu mumoja alisimamia kodi, tena akahukumu. Maneno ya desturi yalienda kwenye tribinali za wenyeji, zilizopangwa na dekre ya tarehe 15 Aprili 1926.

Mwaka wa 1960

Uhuru ulipofika, Kongo haikuwa na muamuzi wa kazi hata mumoja Mukongomani. Waamuzi Wabeleji wengi walipokimbia, tribinali zilibaki karibu tupu. Mwaka wa 1961 serekali ikafungua katika Léopoldville shule ya ENDA, ya kufundisha haraka waamuzi na wakubwa wa utawala. Mwaka wa 1968 Marcel Lihau, kati ya Wakongomani wa kwanza kusoma sheria, akawa prezida wa kwanza wa Korti Kuu.

Na leo?

Mpaka sasa mlango mkubwa wa kuingia kazi ya muamuzi ni konkuru. Raisi wa jamuhuri anateua, kisha Baraza Kuu la waamuzi (CSM) kumuletea majina. Avoka anaweza kuingia, lakini sharti aache kazi ya kutetea.

Kwenye Korti ya Katiba, mlango wa avoka ni wazi zaidi. Ina waamuzi 9: raisi anachagua 3, bunge 3, CSM 3. Katiba ya 2006 inaomba watu 6 kati yao wawe wanasheria waliotoka kwa waamuzi, kwa avoka ao kwa walimu wa univasti.

Avoka anajua shida za watu wenye kesi, ile ni faida. Lakini ana wateja wa zamani. Katika mji wa migodi kama Likasi, mteja anaweza kuwa kampuni ambayo leo inasamba na mtumishi wake.

Sheria ya 2013 imefikiria ile. Kama muamuzi aliisha kuingia katika kesi ile ile kama avoka, una haki ya kumukataa. Unaenda kwenye grefu ya tribinali yake, unaeleza sababu, wanaiandika. Usichelewe: fanya vile mara tu unapojua sababu, mbele mijadala haijafungwa. Kisha pale, mlango umefungwa.