Kabla Uvae Sari ya Pati, Jua Hiyo Nguo Imetoka Wapi

Siku hizi kila mtu anaandaa pati ya Kihindi. Bathdei, sherehe ya ofisi, usiku wa Bollywood kwa rooftop fulani, na inboksi yangu inajaa swali moja: "Nivae nini?" Jibu fupi ni rahisi. Enda Ngara ama Diamond Plaza kule Parklands, tafuta kurta ama lehenga inayokutosha, umemaliza. Lakini mimi nina jibu refu pia, na msimamo wangu ni huu: vaa kabisa, hakuna polisi wa nguo. Shida inaanza ukivaa kama mtu anayeigiza mgeni, kwa sababu hiyo nguo si ngeni hapa kwetu.

Kwanza, hakuna kitu kimoja kinaitwa "nguo ya Kihindi." India ina watu zaidi ya bilioni moja na majimbo 28. Kusema nguo ya Kihindi ni kama kusema nguo ya Kiafrika kisha unaweka shuka la Kimaasai na buibui kwa kapu moja.

Tuchukue sari. Ni kitambaa kimoja tu kirefu, mita 5 hadi karibu 8, bila mshono. Kinafungwa kwa njia nyingi sana kulingana na mahali. Ile njia tunaona kwa sinema, yenye blauzi fupi juu na petikoti ndani, si ya zamani hivyo. Ilienea miaka ya 1800 ikisukumwa na mwanamke wa Bengal anayeitwa Jnanadanandini Devi, shemeji ya mshairi Rabindranath Tagore. Mumewe alikuwa afisa katika serikali ya Waingereza, na yeye alitaka kutoka nje ya nyumba na kukaa mbele ya watu. Sari ya wanawake wa Bengal wakati huo ilikuwa ya kuvaliwa nyumbani, mara nyingi bila blauzi. Alipoishi Bombay akaona wanawake wa huko wanavyofunga, akachukua wazo, akaongeza blauzi na petikoti. Kwa hivyo hiyo blauzi unayohangaika nayo kwa fundi ina mkono wa ukoloni ndani yake, na pia ina mwanamke aliyekataa kufungiwa nyumbani.

Salwar kameez nayo inahusishwa sana na Punjab. Hapa Waswahili tutajishangaa: hiyo "salwar" na "suruali" yetu ni neno moja lililosafiri njia mbili kutoka Uajemi. Moja likaenda India, lingine likapitia Uarabuni likatua Pwani. Yaani wewe umekuwa ukivaa binamu yake maisha yako yote.

Na si maneno tu. Kitabu cha baharia Mgiriki kinachoitwa Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja vitambaa vya pamba kutoka India vikiletwa hadi pwani ya Somalia ya leo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498, alikuta wafanyabiashara kutoka India wako hapo tayari. Kaniki, ile nguo nyeusi ya wanawake wa zamani, ilikuwa ikiletwa kutoka India. Hata leso, vazi tunalosema ni letu kabisa, duka lake maarufu zaidi pale Mombasa ni la familia yenye asili ya India, ile "Mali ya Abdulla" iliyoanza miaka ya 1880. Enyewe, huwezi kuandika historia ya nguo ya Pwani na uruke Gujarat.

Halafu kuna reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya wanaume 30,000 kutoka India, wengi wakitoka Punjab, kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, lakini karibu 6,700 walikaa. Biashara Street ya Nairobi, mahali tunanunua vitambaa na nguo za watoto, zamani iliitwa Indian Bazaar. Ukiingia hapo kutafuta sari ya pati unatembea juu ya hiyo historia.

Nguo pia imekuwa vita. Kabla ya mashine, pamba ya India ilipendwa sana Ulaya, mpaka Uingereza ikapitisha sheria mwaka wa 1700 na nyingine 1721 kuzuia vitambaa vyake ili kulinda wafumaji wao. Baadaye viwanda vya Lancashire vikageuza mambo, vikamwaga nguo za bei rahisi India na wafumaji wa huko wakaumia. Ndiyo maana Gandhi alipotaka kupigana na Waingereza alishika gurudumu la kusokota uzi. Mwaka wa 1921 watu walichoma nguo za kigeni hadharani, wakavaa khadi, pamba ya kusokotwa na kufumwa kwa mkono. Sisi wa mitumba, ambao fundi wa mtaa anashindana na beli kutoka ng'ambo, tunaelewa hiyo hasira bila kuelezwa.

Sasa tufike mahali ninakuwa mkali: kilemba.

Wasee hupenda kumalizia "look" ya Kihindi na kilemba na ndevu za kuchora. Kilemba cha harusi cha Rajasthan ni pambo la sherehe, hicho ni sawa. Kilemba cha Singasinga ni kitu kingine. Ni sehemu ya imani, na kinafunika nywele ambazo Singasinga wa Khalsa hakati, desturi iliyowekwa na Guru Gobind Singh mwaka wa 1699. Hapa Kenya kina sura ya mtu: Makhan Singh. Alikuja akiwa kijana mwaka wa 1927, akajenga vyama vya wafanyakazi vilivyounganisha Waafrika na Waasia wakati serikali ilitaka kila rangi ikae kivyake. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akakamatwa. Alizuiliwa zaidi ya miaka 11, hadi Oktoba 1961. Kuna wazee tunaowaita mashujaa waliokaa ndani miaka michache kuliko yeye. Kwa hivyo hicho kilemba si kofia ya kuchekesha.

Najua mtu ataniambia: "Wewe unatetea watu ambao hata hawatusalimii." Nimeiskia. Wengi wetu tunamjua "Muhindi" kama mwenye duka, na sisi ni wa kubeba boksi. Hayo maumivu ni ya kweli, na yana chanzo. Mkoloni alipanga Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, hadi kwa mishahara na mitaa ya kuishi. Lakini kuongea kwa lafudhi ya kuigiza ukitingisha kichwa kwa pati hakumpandishi mshahara yeyote. Kunawarudisha tu Wakenya wengine kwa kona ya "si wa hapa." Na tushawahi kuwaweka hapo: sheria za biashara na uhamiaji za 1967 zilifanya maelfu wafunge virago, na Uingereza nayo ikaharakisha sheria mwaka wa 1968 kuwafungia mlango. Ilichukua hadi 2017 serikali kuwatambua rasmi kama kabila la 44.

Basi nivae nini? Kama hujawahi kufunga sari, usianzie hapo bila mtu wa kukufunga; utatumia usiku mzima ukiishikilia. Salwar kameez inakubali kudansi. Lehenga ni ya kung'aa. Vijana, kurta ya pamba inatosha, sherwani ni ya bwana harusi. Rangi weka nyingi, lakini nyeupe tupu kwa familia nyingi za Kihindu ni ya matanga. Sindoor, ile rangi nyekundu kwenye mstari wa nywele, ni alama ya mke wa mtu, iache. Hina jipake, hiyo dada zetu wa Lamu na Mombasa wamejipaka tangu zamani. Na kama una rafiki Mkenya wa asili ya India, muulize. Halafu mwalike pia, si aone picha tu.

Ukiulizwa kwa mlango umevaa nini, usijibu "nguo ya Kihindi." Itaje jina.